Kulabu za Kagondo

Ukifika stendi ya Bukoba ukasema unakwenda Kagondo, kondakta atakuuliza ni Kagondo ipi. Kuna kata ya Kagondo ndani ya Manispaa ya Bukoba, ambako bodaboda inakufikisha mara moja, na kuna Kagondo ya Muleba, yenye hospitali ya Kanisa Katoliki, kwenye barabara ya kwenda kusini. Mimi nilikuwa nakwenda hiyo ya Muleba. Bwana shamba mmoja alikuwa amenieleza kwamba kuna mama huko anayechuma nyanya kwa miezi kumi kwenye mimea ile ile, ndani ya kitalu nyumba cha nguzo za mkaratusi, na kwamba mimea hiyo huhamishwa kila wiki bila kung'olewa. Vitalu nyumba vingi nilivyovitembelea katika kazi hii ya kuandika habari za kilimo vilikuwa vimechoka kabla ya msimu wa tatu. Hiki nilitaka kukiona kwa macho.

Hiace iliondoka mvua ikinyesha. Tukapita Kemondo na bandari yake, ziwa likiwa upande wa kushoto, jeupe kwa ukungu hata huwezi kusema maji yanaishia wapi. Muhutwe abiria kadhaa walishuka ili kupanda kwenda Kamachumu juu. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alikuwa amepakata ndoo ya nyanya, na kila gari lilipoyumba aliifunika kwa khanga kwa mikono miwili. Nilimuuliza anauzaje. Akaniambia hizo si za kuuza, amezinunua kwa ajili ya msiba, na kwamba mvua zikishika hivi fungu la nyanya sokoni linabaki na nyanya tatu badala ya tano, bei ile ile.

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wenyewe. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa si ya joto kali wala ya baridi kali. Kwa mgomba hiyo ni neema. Kwa nyanya ya shambani ni balaa, maana jani lisilokauka ndilo linaloalika bakajani chelewa, na ugonjwa huo ukishaingia unageuza shamba la kijani kuwa jeusi kwa siku chache tu. Mkulima anaweza kupulizia dawa asubuhi na mchana mvua ikaisafisha yote. Wengi mwambao huu huacha nyanya kabisa mvua kubwa zinapoanza, na wanunuzi wakalipia gharama hiyo sokoni.

Hapo ndipo kitalu nyumba kinapopata maana yake Kagera. Ulaya watu walijenga nyumba za vioo ili kupata joto. Huku joto lipo, tena ndani ya kitalu huwa la kupunguza. Kinachohitajika ni paa. Jani la nyanya likae kavu, maji yapite kwenye mizizi peke yake, basi. Ukilielewa hilo unaanza kukijenga kitalu kwa namna nyingine: paa zuri, kuta za wavu zinazopitisha upepo, na urefu wa kutosha ili hewa ya moto ipande juu ya vichwa vya mimea.

Kabla ya kufika kwake nilipita vibanja kadhaa kwa miguu. Anayekulia sehemu nyingine za nchi hushangaa akiona kibanja cha Mhaya kwa mara ya kwanza: nyumba katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage na magimbi, na udongo wake mweusi, laini. Nje ya mpaka wa kibanja kuna rweya, nyasi tupu, na udongo wake umeoshwa na mvua hadi umebaki na tindikali. Udongo ule mweusi haukuwapo tangu awali. Vizazi na vizazi vilibeba nyasi kutoka rweya na samadi kutoka zizini, vikamwaga mlangoni pao, mpaka ardhi ikaiva. Sasa ng'ombe wamepungua, vibanja vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa humu humu Muleba ukaanza kula mashina. Mtu mwenye nusu ya kibanja cha babu yake, na migomba inayougua, hana pa kupanuka kwa upana.

Mama mwenyewe alinipokea barazani. Ni mtu wa makamo, sauti yake ya chini, na vidole vyake vina rangi ile ya kijani iliyokolea ambayo nyanya huwaachia watu wanaozishika kila siku. "Karibu, mwanangu. Waitu, umelowa." Kabla ya habari yoyote ya nyanya aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nikachukua punje mbili, tukaulizana habari za nyumbani na za barabara. Nilimwambia nimekuja kuona nyanya zinazohama.

"Leo ndiyo siku yake," akasema. "Lakini tungoje saa nane. Asubuhi hazikubali."

Nitaeleza kwa nini hazikubali, maana hilo ni jambo la elimu hasa. Asubuhi shina la nyanya limejaa maji ya usiku, limekakamaa, na ukilipinda kidogo linakatika. Mchana, jua likishapanda na majani yakishapumua maji, shina linalegea. Kazi yoyote ya kulikunja au kulishusha hufanywa wakati huo. Asubuhi ni ya kutoa majani na machipukizi, ili vidonda vikauke mapema kabla ya jioni. Ratiba hiyo niliikuta imeandikwa kwa mkaa kwenye ubao wa mlango wa kitalu, maneno matatu ya asubuhi na mawili ya mchana.

Kitalu chake kina mita 8 kwa 15, kipimo kilichozoeleka Afrika Mashariki tangu vitalu vidogo vilipoanza kuuzwa kwa wakulima wa kawaida. Nguzo ni za mkaratusi, miguu yake imepakwa oili chafu kuzuia mchwa. Paa ni karatasi ya nailoni ile nzito inayovumilia jua. Kuta ni wavu mwembamba, na mlango ni wa pazia mbili, unaingia chumba kidogo kwanza, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua cha pili. Huo ni ulinzi dhidi ya kantangaze, nondo mdogo aliyetoka Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kufika Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake hutoboa jani na tunda. Dawa nyingi zimeshindwa naye, ila wavu mzima na mlango wa pazia mbili bado vinamzuia. Mama aliniosha mikono kwa sabuni kabla ya pazia la pili, akaniuliza kama navuta sigara, kwa sababu virusi vya tumbaku huhamia kwenye nyanya kupitia vidole.

Ndani, nilichokiona kwanza ni waya. Juu ya kila mstari, kama mita mbili na nusu kutoka chini, unapita waya mnene ulionyooshwa kutoka ukuta hadi ukuta. Na juu ya waya huo zimetundikwa kulabu, mamia yake, kila moja ina mmea wake. Kulabu ni kipande cha waya mzito kilichokunjwa ncha zote mbili, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima. Katikati pamezungushiwa kamba, duara juu ya duara, mita kumi na zaidi za akiba. Ncha ya kamba inashuka hadi kwenye shina, na shina limeviringishwa juu yake kwa mizunguko mipana, likashikwa hapa na pale kwa vibanio vidogo vya plastiki. Mmea umening'inia kwenye kamba, kamba kwenye kulabu, na kulabu inateleza juu ya waya kama nguo kwenye kamba ya kuanikia.

Ilipofika saa nane alianza. Alisimama juu ya benchi fupi, akashika kamba kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kulabu, ili uzito wa mmea usianguke ghafla. Kwa mkono wa kulia aliitoa kulabu kwenye waya, akaizungusha mara mbili, kamba ikaachia, mmea mzima ukashuka kiasi cha futi moja. Kisha akaisogeza kulabu kulia, futi moja nyingine, akaitundika tena. Kichwa cha mmea, kilichokuwa kimegusa waya, sasa kilikuwa na nafasi ya kupanda. Vishada vilivyoiva vilikuwa vimefika usawa wa kiuno. Na chini, sehemu ya shina iliyokwisha kuchumwa, tupu bila jani, ililala taratibu juu ya mafungu ya mianzi yaliyowekwa kando ya tuta. Sekunde chache tu. Akaenda kwa wa pili, naye akamhamisha vile vile, upande ule ule, futi ile ile.

Mstari mzima unakwenda kulia. Mstari wa jirani yake unakwenda kushoto. Mmea wa mwisho ukifika ukutani unapindishwa, unavuka, unaanza kurudi kwenye mstari wa pili. Kwa hiyo mmea ulioanzia mlangoni, baada ya miezi kadhaa, kichwa chake kiko upande mwingine kabisa wa nyumba, ingawa mizizi iko pale pale ulipopandwa.

Hili la kuteremsha lina hesabu yake. Nyanya za aina ndefu, kama Anna F1 inayopandwa na wengi vitaluni, haziachi kukua. Kwenye joto zuri shina huongezeka kiasi cha futi kwa wiki, na kila baada ya siku saba au kumi hutoa kishada kipya. Mkulima asiyeteremsha hufanya nini kichwa kikigusa waya? Anakikata. Mmea unamalizia vishada vyake 6 au 7 vilivyokwisha kutoka, halafu basi. Anang'oa, anapanda upya, anangoja tena karibu miezi mitatu bila senti. Mkulima anayeteremsha anaendelea kuvuna mpaka kishada cha ishirini na zaidi. Paa ni lile lile, wavu ni ule ule, mkopo ni ule ule. Tofauti iko kwenye kulabu.

Na kulabu ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya nyumba ile. Hazikuagizwa popote. Fundi wa kuchomelea wa Muleba alizikunja kwa kufuata mfano wa moja aliyopelekewa, kwenye kipande cha bomba alichokikaza mezani, na zote kwa jumla hazikufika bei ya karatasi ya paa. Kamba ilisumbua zaidi. Ya katani, ambayo nchi hii inaijua kuliko kamba yoyote, inaoza kwa unyevu wa Kagera na kukatika mmea ukiwa umebeba. Ya nailoni nyembamba inakata shina. Alitulia kwenye ya plastiki iliyosokotwa, nene kiasi, ile inayovumilia jua.

Nilikaa nikimtazama mstari baada ya mstari, na hasira ikanipanda. Sehemu nyingi za nchi hii nimeona mifupa ya vitalu nyumba: nguzo zimesimama, karatasi imechanika inapepea, ndani magugu. Tulijenga vingi. Ofisi ya Waziri Mkuu ilifundisha vijana wa halmashauri mbalimbali kilimo cha kitalu nyumba, wafadhili wakagawa, benki zikakopesha, na wauzaji wakauza kitalu na tenki na mipira ya matone na pakiti ya mbegu kwa pamoja. Mara chache sana nimekuta mtu aliyeonyeshwa, kwa mikono, namna ya kumteremsha mmea. Tumezoea kuhesabu vitalu vilivyojengwa. Sijaona ripoti inayohesabu mmea mmoja ulizaa miezi mingapi, na hicho ndicho kipimo kinachoamua kama kijana atalipa deni au atauza nguzo zake kuni.

Sisemi kwamba hii ni siri. Uholanzi, kwenye vitalu vya vioo vya Westland karibu na The Hague, ndivyo nyanya zinavyolimwa. Waya uko juu mita nne na zaidi. Miche inaingia Desemba au Januari na kuchumwa hadi Novemba, shina linapita mita kumi, na mita moja ya mraba hutoa zaidi ya kilo 50 kwa mwaka. Mimea imekaa kwenye mifereji inayoning'inia kutoka kwenye dari, isiguse ardhi kabisa. Wafanyakazi hupita kwenye vigari vinavyoteleza juu ya mabomba ya maji ya moto, mabomba yale yale yanayopasha nyumba joto. Kuna kulabu zenye kigurudumu kinachoachia kamba kipande kwa kipande kwa kubonyeza. Kwenye stroberi kuna mifereji inayopandishwa na kushushwa kwa mota, mstari mmoja juu, mwingine chini, ili mchumaji apate njia. Ukiondoa mota na vioo, unabaki na waya, kulabu na kamba, vile vile alivyonavyo mama wa Kagondo.

Tena yeye ana kitu ambacho Mholanzi anakilipia. Desemba mchana wa Uholanzi haufiki urefu wa saa nane, mmea unawashiwa taa. Kagondo iko digrii moja na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na mchana wake ni wa saa kumi na mbili, Desemba kwa Juni. Mmea hauna sababu ya kupumzika.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Nilitarajia ataje semina. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, akanionyesha vanila.

Vanila ilienea vibanja vya Kagera miaka ya 1990, na yeye aliipanda wakati huo akiwa binti. Ni mmea unaotambaa, asili yake Meksiko, na hapa hupandishwa juu ya miti ya mbono. Ukiuacha upande tu, unakwenda kileleni na maua huyapati. Kwa hiyo kila unapozidi urefu wa mkono unaushusha, unaukunja juu ya panda ya tawi, unaulaza chini uguse udongo wa majani upate mizizi mingine, kisha unaupandisha tena. Maua hutoka pale ulipokunjwa. Kila ua hufunguka asubuhi moja tu, na mtu lazima alichavushe kwa mkono, kwa kijiti, akiinua kile kiwambo chembamba kinachotenga dume na jike. Njia hiyo aliigundua Edmond Albius mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, akiwa mtoto wa miaka 12 na mtumwa. Hakufaidika nayo, waliofaidika ni wengine. Wanawake wa Muleba wanaifanya hadi leo, kijiti kile kile, kidole gumba kile kile.

"Nilipoona nyanya imegusa waya," aliniambia, "nikasema, huyu naye anataka kushushwa. Bwana shamba alikuwa anasema kata. Mimi nikasema ngoja."

Baadaye bwana shamba huyo huyo alimletea kulabu ya mfano na kumweleza habari ya kuhama upande mmoja, kwa sababu vanila haihami, inakunjwa hapo hapo. Lakini ujasiri wa kumshika mmea uliobeba matunda na kumteremsha bila kumvunja aliupata kibanjani, kwa zaidi ya miaka ishirini ya kushika mashina ya vanila. Bei ya vanila ilipanda sana hadi 2003, kisha ikaanguka vibaya, na watu wengi wakang'oa. Yeye hakung'oa. Ilipopaa tena baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagaska mwaka 2017, mashina yake yalikuwa bado hai, na fedha hiyo ndiyo iliyonunua karatasi ya paa.

Mambo mawili humpa taabu, na sikumsikia akiyapunguza.

La kwanza ni udongo. Nyanya juu ya nyanya mahali pamoja hukaribisha mnyauko bakteria, na ukishaingia ardhini hautoki kwa dawa. Mmea uliokuwa umesimama vizuri asubuhi unainama jioni, wa kijani vile vile, na kesho yake umekufa. Ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji, uzi mweupe kama wa maziwa hushuka kutoka kwenye kidonda. Alinionyesha kwa shina aliloling'oa siku ile. Kuteremsha kunaongeza hatari hiyo, kwa kuwa shina la nyanya likigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi mipya, na kila mzizi mpya ni mlango. Ndiyo sababu ya yale mafungu ya mianzi. Mistari miwili ameihamishia kwenye ndoo zilizojazwa udongo wa kibanja uliochemshwa kwenye pipa, pamoja na pumba na samadi iliyoiva. Bwana shamba amemwambia pia kuhusu kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya, njia ambayo World Vegetable Center, taasisi yenye makao Taiwan na kituo chake cha kanda Arusha, imeieneza Asia kwa sababu mizizi ya bilinganya huvumilia mnyauko huo. Hajaijaribu. Anasema mikono anayo, wembe anao, anachokosa ni mtu wa kumkalisha karibu na meza siku moja. Ningependa sana kusikia kwamba mtu huyo amefika Kagondo.

La pili ni uchavushaji. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, ila linahitaji kutikiswa, na ndani ya wavu upepo ni haba. Nyuki wa asali hawasaidii, hawajui mtikiso ule. Wapo nyuki wa mwitu wanaoujua, lakini wavu unaomzuia kantangaze unawazuia na wao. Ulaya, tangu mwisho wa miaka ya 1980, huwekwa nyuki aina ya bambi waliofugwa kwenye maboksi. Mama anagonga waya. Kila asubuhi baada ya umande kukauka, anapita na fimbo akigonga kila mstari mara chache, na kwa kuwa kulabu zote za mstari zimetundikwa kwenye waya mmoja, mtikiso unafika kwenye kila ua. Nilimsaidia mstari mmoja. Ukitazama dhidi ya mwanga unaona chavua inashuka, vumbi la njano, kidogo sana.

Maji hayamsumbui. Paa la mita za mraba 120, hata ukihesabu mvua ya milimita 1,500 tu kwa mwaka, linapokea lita 180,000. Mifereji ya bati inazipeleka kwenye shimo alilolitandika nailoni, na kutoka hapo pampu ya miguu inazipandisha kwenye tenki. Kitalu kinachougua kwa kiu chini ya paa linalomwaga maji uani nimekiona kwingine, na huo ni upotevu usio na sababu.

Jioni, matenga ya siku hiyo yalikuwa yamefungwa kwa majani ya mgomba. Mengine yalikuwa yanakwenda Muleba mjini, mengine yalikuwa ya wateja wake wa karibu, watu wanaouguza hospitalini na kupika wenyewe, ambao hununua kidogo kidogo kila siku. Hao ndio anaowapenda, kwa sababu hawangoji mvua ili waje.

Fundi alifika tukiwa bado tunapakia. Walikuwa na mazungumzo yao ya nyumba ya pili, na wakaniruhusu nisikilize. Fundi alikuwa amechora nyumba kubwa kuliko ya kwanza, mita 8 kwa 24, nguzo za urefu ule ule. Mama alitaka kinyume chake: eneo dogo, nguzo ndefu zaidi, waya uwe mita tatu na nusu. Alimweleza kwamba ardhi anayoigawa ni ya watoto watano, kwamba nyumba ndefu kwenda juu inapoa, na kwamba kila nusu mita ya juu ni vishada viwili vya ziada vinavyoiva kwa wakati mmoja kwenye kila mmea. Fundi akauliza habari ya uzito. Swali lilikuwa la haki. Viwango vya Ulaya vya ujenzi wa vitalu vinahesabu kilo 15 za mimea na matunda kwa kila mita ya mraba, na kwa nyumba yake ya sasa hiyo ni karibu tani mbili zinazoning'inia. Kitalu ambacho waya umefungwa kwenye mbao za paa hujivuta chenyewe ndani, polepole, mpaka karatasi inapasuka. Ya kwanza aliifunga hivyo, na nguzo mbili za pembeni zimeshaanza kuinama. Unaziona ukisimama mlangoni.

Walikubaliana kwamba safari hii waya uwe na nguzo zake wenyewe, nje ya nguzo za paa, zimechimbiwa mita moja na kuvutwa kwa nyuma na waya wa nanga uliofungwa kwenye jiwe lililozikwa. Fundi akaandika idadi kwenye kiganja. Halafu akataka kujua mama, kwa kimo kile, ataufikiaje waya wa mita tatu na nusu. Mama alisema benchi refu. Fundi akasema benchi litapinduka kwenye tuta, afadhali kigari chenye magurudumu manne kinachopita juu ya mbao mbili kati ya mistari, naye anaweza kukitengeneza kwa vyuma vya kitanda cha zamani. Walikuwa bado wanapatana bei ya kigari hicho Hiace ya kurudi Bukoba ilipopiga honi barabarani.